Kiinuzi cha duodenoskopu kikigoma: dalili, chanzo na kinachopaswa kubadilishwa kwenye usanifu

Daktari amefika kwenye papila, ule mdomo mdogo ambao nyongo hupitia kuingia kwenye utumbo mwembamba. Katheta, mrija mwembamba anaousukuma ndani, imetoka na inaonekana kwenye skrini, ila imelala milimita mbili chini ya tundu. Anavuta wenzo kwa kidole gumba. Katheta inapanda kidogo, inasimama. Anavuta tena, haisogei. Muuguzi anafungua mlango na kuita: "Fundi, hebu njoo, kile kidole leo hakinyanyuki."

Hicho kidole ndicho nitakachokiita kiinuzi. Ni kipande kidogo cha chuma kilichofungwa kwa pini kwenye ncha ya duodenoskopu, yaani endoskopu (bomba lenye kamera la kutazamia ndani ya mwili) inayotazama ubavuni na kutumika kwenye ERCP, kazi ya kuzibua mirija ya nyongo na kongosho. Kinanyanyua katheta, waya elekezi (unaotangulia ili vyombo viufuate) au stenti (kijibomba cha kuuacha mrija wazi) na kuipa mwelekeo. Wazo lenyewe ni la zamani: Joaquín Albarrán, daktari wa njia ya mkojo mzaliwa wa Cuba aliyefanya kazi Paris, aliweka wenzo wa namna hii kwenye sistoskopu, endoskopu ya kibofu, mwaka 1897. Umbo limebadilika sana, lakini mpango ni uleule: wenzo mmoja mkononi mwa daktari, kidole kimoja ndani ya mgonjwa, na kati yao waya mwembamba wenye urefu wa zaidi ya mita moja.

Maelezo haya ni ya fundi wa vifaa tiba anayeitwa mlangoni, na pia ya mhandisi au mwanafunzi anayetaka kuchora kiinuzi bora. Nimewaweka pamoja kwa makusudi. Fundi huona dalili ambazo mchoraji hazioni, na mchoraji anaweza kukiondoa chanzo ambacho fundi anaweza kukituliza tu. Wote wawili nawaomba washike jambo moja tangu sasa: badiliko lolote la kukifanya kiinuzi kiwe sahihi zaidi lipimwe pia kwa brashi. Kama brashi ya kusafishia haifiki pale ulipoongeza kitu, umehamisha tatizo kutoka kwenye skrini ya daktari hadi kwenye damu ya mgonjwa anayefuata.

Anza na kipimo cha kitanzi

Usifungue chochote kwanza. Chukua endoskopu iliyokwisha kusafishwa na kutakaswa, ilaze mezani ikiwa imenyooka. Vuta wenzo polepole hadi mwisho na urudishe, huku ukitazama kiinuzi kwa kioo cha kukuza. Weka alama wenzo ulipo pale kiinuzi kinapoanza kusogea, na pale kinapokoma. Kisha kunja bomba la kuingizia liwe kitanzi kimoja kipana, usilivunje, na urudie.

Kikifanya vizuri kikiwa kimenyooka na vibaya kwenye kitanzi, shaka iende kwenye waya na ala yake, yaani ile springi ndefu inayouvika. Kikiwa kibaya kote kuwili kwa kiasi kilekile, shaka iende kwenye miisho: pini, kishikizo cha waya, au meno ndani ya mkono wa endoskopu, yaani pale daktari anapoishikia. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kimeniokolea siku nyingi za kufungua mahali pasipohusika. Nimewahi kuona kiinuzi kizima kikibadilishwa ncha nzima kumbe ala ndiyo iliyochoka.

Kiinuzi hakifiki juu

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi, na ndiyo inayofundisha zaidi.

Chanzo cha kwanza ni waya kurefuka. Watu husema "umelegea" kana kwamba ni fundo, lakini waya wa nyuzi zilizosokotwa hurefuka kwa namna mbili. Kuna kurefuka kwa kudumu, nyuzi zinapojipanga upya baada ya kuvutwa maelfu ya mara. Na kuna kurefuka kwa muda, kama mpira, kila unapovutwa. Tupige hesabu ya mfano: waya wa mita 1.4, eneo halisi la chuma 0.15 mm², ugumu wa msokoto ukiwa GPa (gigapaskali) 100. Ukiuvuta kwa nguvu ya N (newtoni) 20, unarefuka karibu mm 1.9. Kama mkono wa kiinuzi, yaani umbali kutoka pini hadi pale waya unaposhika, ni mm 4, hizo mm 1.9 ni sawa na nyuzi (digrii) 27 za mzunguko zilizopotea. Daktari ameshavuta, wenzo umeshafika mwisho, na kiinuzi bado hakijamaliza safari yake.

Dalili ya kurefuka kwa muda ni hii: kikiwa hakina kitu, kiinuzi kinafika juu, ukiweka katheta ngumu au stenti, hakifiki. Dalili ya kurefuka kwa kudumu ni kwamba hakifiki hata kikiwa kitupu. Hili la pili fundi aliyefunzwa hulirekebisha kwa kukaza waya ndani ya mkono wa endoskopu, kwa kipimo alichotoa mtengenezaji. Ukikaza kupita hapo, kiinuzi hakitalala chini kabisa, na daktari atakapokuwa anatoa endoskopu kitakuwa kimechomoza kidogo na kukwaruza utumbo. Hilo la kwanza halikaziki. Ni la usanifu: waya wenye chuma kingi zaidi ndani ya kipenyo kilekile, msokoto wa nyuzi chache nene badala ya nyingi nyembamba, au waya uliovutwa kabla ya kufungwa ili nyuzi zijipange zikiwa bado kiwandani. Ukipanda kutoka 0.15 hadi 0.25 mm², zile digrii 27 za mzunguko zinashuka hadi 16 hivi. Gharama yake ni kwamba waya mnene hupinda kwa shida na huchoka upesi pale unapopindwa sana.

Chanzo cha pili ni ala kufupika. Waya ukivutwa, ala husukumwa kwa nguvu ileile kwa upande wa pili. Kama mizunguko ya springi ina nafasi kati yake, itabanana, na kila milimita inayobanana hapo imeibwa kwenye safari ya kiinuzi. Ala iliyokunjwa vibaya kwenye kabati kwa miaka hufunguka sehemu moja, na hapo ndipo wizi huanzia. Kwa mchoraji, jibu ni springi ya waya bapa, mizunguko yake ikiwa imebanana tangu mwanzo.

Chanzo cha tatu hakihusiani na uchakavu kabisa. Ni jiometri, na huonekana hata kwenye chombo kipya. Waya unapovuta kwa pembe ya mraba na mkono wa kiinuzi, unapata mkono wote wa mm 4. Kiinuzi kikishazunguka nyuzi 50 kutoka hapo, mkono unaofanya kazi unabaki mm 2.6 hivi. Yaani pale juu, ambapo katheta imepindwa zaidi na inapinga zaidi, ndipo waya una nguvu kidogo zaidi. Michoro mingi ya wanafunzi niliyoiona huweka tundu la waya popote penye nafasi ya kutosha. Ningependa waanze kinyume: wachore kiinuzi kikiwa juu kabisa, waweke tundu pale mkono unapokuwa mrefu kuliko kote katika hali hiyo, kisha ndipo watafute nafasi ya kukilaza.

Kinapanda, ila kinachelewa

Daktari anasema kiinuzi "kina pleyi", kama usukani wa gari kuukuu. Anavuta kidogo, kimya. Anavuta zaidi, kinaruka na kupita alipotaka. Kwenye papila, kuruka huko ndiko kunakoumiza, kwa sababu kuchokonoa mdomo wa mrija mara nyingi ni moja ya njia za kumletea mgonjwa uvimbe wa kongosho.

Pleyi ina wazazi wawili. Mmoja ni nafasi kati ya waya na ala. Waya uliolegea hulala popote ndani ya ala; ukivutwa hukimbilia upande wa ndani wa pindo. Ukihama mm 0.1 tu kwenye kitanzi cha nyuzi 360, urefu unaopotea ni mm 0.63, ambao kwa mkono wetu wa mm 4 ni nyuzi 9. Ndiyo maana kipimo cha kitanzi kinasema ukweli ambao meza iliyonyooka huuficha.

Mzazi wa pili ni msuguano. Waya uliopinda ndani ya ala hubana kama kamba iliyozungushwa kwenye gogo la kufungia jahazi: kila pembe ya pindo huongeza kubana. Msuguano wa 0.15 kwenye kitanzi kizima humeza nguvu hivi kwamba N 20 za mkononi zinafika nchani zikiwa karibu N 8. Ukiteremsha msuguano hadi 0.08 kwa bitana ya PTFE, plastiki yenye utelezi, zinafika N 12. Na kwa kuwa msuguano hupinga kwenda na kurudi pia, kiinuzi husita kila daktari anapobadilisha upande.

Mambo haya mawili hugombana. Ukibana nafasi ili kuondoa pleyi, unaongeza msuguano. Ukilegeza ili waya uteleze, pleyi inarudi. Mchoraji mwenye busara hashindani nayo kwenye waya peke yake. Anaweka springi ndogo inayokirudisha kiinuzi chini na kuufanya waya ubaki umekazwa muda wote. Springi hiyo ikae mkononi, ndani ya mkono wa endoskopu, na kamwe isikae nchani. Nchani ni mizunguko ya chuma inayokusanya uchafu.

Fundi hospitalini hana la kufanya zaidi ya kupima, kuandika na kupeleka. Msinyunyize mafuta ya mashine ndani ya njia ya waya. Nimekuta hilo limefanywa, kwa nia njema, na mafuta yale yakashika vumbi na dawa ya kutakasia na kuwa gundi.

Kinapanda vizuri, kinashuka chenyewe

Tazama mkononi kwanza. Wenzo wa kiinuzi hushikiliwa na msuguano wa vipande vinavyogusana. Vikilainika, uzito wa kupinda kwa katheta unavirudisha. Ukishika wenzo kwa kidole na kiinuzi kikatulia, umepata jibu. Kikishuka hali wenzo umetulia, tazama kishikizo cha waya nchani: huenda kinateleza pale kilipobanwa au kulehemiwa. Hiyo ni sababu ya kuiondoa endoskopu kazini siku hiyohiyo.

Waya elekezi unateleza kiinuzi kikiwa juu

Wakati wa kubadilisha katheta, daktari hutegemea kiinuzi kiukandamize waya elekezi wa inchi 0.035 au 0.025 dhidi ya ukingo wa mfereji, ile njia ya vyombo ndani ya endoskopu. Ukiteleza, safari yote ya kuingia kwenye mrija wa nyongo imepotea.

Uliza kwanza ni waya wa kipenyo gani. Mara nyingi hospitali imehamia kwenye waya mwembamba wa inchi 0.025, yaani mm 0.64, huku kiinuzi kikiwa kimetengenezwa kwa mm 0.89. Halafu tazama mfuo, ule mchirizi uliochongwa kwenye uso wa kiinuzi: vipo viinuzi vyenye mfuo wa umbo la V, na umbo hilo lina faida ya kweli. Mfuo wenye pembe ya nyuzi 60 huzidisha mshiko mara 2 ukilinganisha na uso bapa. Wa nyuzi 90 huzidisha mara 1.4. Chini ya mfuo ukiona mstari unaong'aa, waya umeshachimba njia yake na V imekuwa U. Mshiko hurudi ulipokuwa kwenye uso bapa, na kukaza waya wa kuvuta hakutasaidia.

Kwa usanifu, usikimbilie pembe kali zaidi. V kali hukwangua utando laini wa waya elekezi, na maganda hayo hubaki kwenye mfuo. Ningechagua nyuzi 60 hadi 70, chini pakiwa na mviringo mdogo ambao nyuzi za brashi zinaweza kuufikia, na ugumu wa chuma uongezwe juu ya uso ili V isigeuke U.

Chombo kimenasa

Hapa tatizo mara nyingi si la mashine. Desturi ni kuinua kiinuzi, kusukuma chombo hadi kiguse, kukiteremsha kiinuzi ili chombo kipite, kisha kukiinua tena. Anayesukuma kwa nguvu kiinuzi kikiwa juu hukunja katheta, na mkunjo huo ndio unaonasa wakati wa kurudi. Kama chombo kimenasa mgonjwa akiwa mezani, uamuzi ni wa daktari. Fundi amkumbushe tu kwamba kuteremsha kiinuzi na kunyoosha ncha hulegeza mambo mengi. Kikinasa chombo cha kila aina, hata kilicho kipya na chembamba, pima ndani ya mfereji: mfereji wa duodenoskopu ya tiba ni mm 4.2, na stenti ya Fr 10 (kipimo cha kipenyo ambacho kila Fr 3 ni mm 1) ina mm 3.3, kwa hiyo mkwaruzo au uvimbe mdogo wa ukuta unatosha kuibana.

Wenzo ni mzito asubuhi, mwepesi mchana

Dawa ya kuonyesha mirija kwenye eksirei ikikauka hunata. Endoskopu iliyosuuzwa haraka jioni, au iliyotundikwa ikiwa na unyevu, huamka ikiwa imegandishwa. Kwenye miundo yenye njia ya waya iliyo wazi, njia hiyo nyembamba inahitaji kusukumwa maji kwa sirinji ndogo yenye presha na adapta yake. Ikisahaulika, ndiyo hii.

Maji nayo. Pwani yetu, visima vingi vina maji ya chumvi. Chumvi huacha ukoko kwenye bawaba ya kiinuzi na kuchimba vitundu kwenye chuma kisichoshika kutu, hasa pale kilipoguswa na lehemu. Kabla ya kulaumu waya, pima maji ya kusuuzia. Hospitali ikipata maji yaliyochujwa kwa hatua hii ya mwisho tu, viinuzi hupumua.

Unasikia mkwaruzo kidoleni

Usisubiri. Uzi mmoja wa msokoto umekatika na unakwaruza ala. Karibu kila mara ni kwenye sentimita ya mwisho, pale waya unapokunjwa kila kiinuzi kinapopanda. Uzi uliochomoza unaweza kutoboa glavu au kumchoma mgonjwa. Kwa mchoraji: kifungo cha waya kizunguke kwenye pini yake pamoja na kiinuzi, ili waya uvutwe ukiwa umenyooka badala ya kupindwa. Badiliko hili dogo huongeza maisha ya waya kuliko kubadilisha aina ya chuma.

Kila kitu kinafanya kazi, ila vipimo vya maabara vinaota vijidudu

Nimeiacha mwisho kati ya dalili kubwa kwa sababu haina sauti. Kiinuzi kinapanda, kinashuka, daktari ameridhika. Lakini sampuli iliyochukuliwa nyuma ya kiinuzi inaota bakteria, mara ya pili, mara ya tatu.

Mwaka 2012, kwenye hospitali ya Erasmus MC mjini Rotterdam, wagonjwa 30 walikutwa na aina sugu ya bakteria Pseudomonas aeruginosa. 22 kati yao walikuwa wamefanyiwa ERCP kwa duodenoskopu moja ya modeli ya TJF-Q180V. Ilipofunguliwa, uchafu ulikutwa mahali ambapo brashi haifiki, karibu na oringi, ile pete ya kuzibia, ya kiinuzi. Modeli hiyo ilikuwa imeondoa njia ya waya iliyo wazi, kwa nia njema kabisa: badala ya waya kugusana na maji ya mwili, ulifungiwa ndani, na mhimili mdogo ukapitisha mzunguko kupitia oringi. Kofia ya nchani nayo haikuweza kutolewa. Mwaka 2015 visa vilivyohusishwa na duodenoskopu vilisikika Marekani, kikiwemo cha UCLA huko Los Angeles, na mwezi Januari 2016 FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, iliidhinisha muundo uliorekebishwa wa modeli hiyo, wenye kizuizi kilichobanwa zaidi. Agosti 2019 FDA ikashauri hospitali zihamie kwenye duodenoskopu zenye sehemu za kutupwa, na Desemba mwaka huohuo ikaruhusu ya kwanza inayotupwa yote.

Nasimulia haya kwa fundi kwa sababu oringi inavuja kwa ujanja. Pima mvujo huku ukizungusha kiinuzi polepole kutoka chini hadi juu. Kuna oringi inayoziba kikiwa chini na kuachia viputo kikiwa katikati tu. Wakati wa kusafisha, brashi ipite mbele na nyuma ya kiinuzi kikiwa juu, kisha ipite tena kikiwa chini. Kazi ianze mara endoskopu inapotoka, si baada ya wagonjwa watatu, kwani kilichokauka kimeshaanza kujenga utando wa vijidudu.

Kwa mchoraji, nadhani njia yenye maana zaidi ni kofia inayotoka pamoja na kiinuzi chenyewe, ili kilichobaki kwenye endoskopu kiwe kidogo na cha wazi. Lakini kofia inayotupwa kila mgonjwa ni gharama inayorudi kila siku, na hospitali yenye duodenoskopu moja na wagonjwa wa umanjano foleni nzima itaishia kuifua na kuirudisha. Ni afadhali kofia iliyotengenezwa tangu mwanzo kuvumilia joto la mvuke na kutumika idadi inayojulikana ya mara, yenye alama inayobadilika rangi mara hizo zinapokwisha. Hilo ndilo ningependa mwanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba alichukue kama mradi, kwa dhati.

Endoskopu zisizo na kiinuzi

Kwa ufupi. Kwenye gastroskopu (ya tumbo) na kolonoskopu (ya utumbo mpana) chombo huelekezwa kwa kupinda ncha nzima, kwa hiyo ukisikia "koleo halifiki kwenye kidonda", kagua nyaya nne za kupinda. Gastroskopu nyingi hupinda juu hadi nyuzi 210. Ukikuta 170, nyaya zimerefuka. Kumbuka pia kwamba chombo hakitokei katikati ya picha: kwenye gastroskopu nyingi hutokea penye namba 7 ya uso wa saa, kwenye kolonoskopu penye namba 5. Nasema namba iliyoandikwa, si saa tunayoitaja kwa Kiswahili. Daktari aliyehama kutoka modeli moja hadi nyingine anaweza kudhani mfereji umepinda kumbe picha imegeuka tu.

Unapopeleka chombo kwa mtengenezaji

Usiandike "kiinuzi kibovu". Andika namba ya modeli na ya chombo, idadi ya wagonjwa tangu matengenezo ya mwisho, pembe ya kiinuzi wenzo ukiwa mwisho, kwanza kikiwa kimenyooka kisha kwenye kitanzi, kikiwa kitupu kisha kikiwa na katheta. Ongeza aina ya maji ya kusuuzia, dawa ya kutakasia, na kipenyo cha waya elekezi unaotumika. Weka picha ya kiinuzi kutoka mbele na kutoka ubavuni, juu na chini, pamoja na rula ndogo kwenye picha. Nakala moja ya karatasi hiyo ibaki kwenye faili la hospitali, na ikirudi endoskopu rudia vipimo vilevile kabla haijaingia chumba cha wagonjwa.